Kila Koo na Ngazi Zake

Si kawaida ya ukurasa huu kuwapeleka wasomaji mbali na chumvi ya bahari. Leo lakini nawaomba mnifuate mpaka Longisa, katika kaunti ya Bomet, kwenye barabara itokayo Narok kupitia Mulot, jirani na nchi ya chai ya Kericho. Asubuhi ya huko haina mzaha, ni baridi ya kuvaa koti. Watu wafuga ng'ombe wa maziwa na kulima mahindi, na lugha isikikayo sokoni ni Kikipsigis. Nilikwenda kumtazama mpwa wangu ambaye ni muuguzi huko, na zaidi nilikwenda kwa ajili ya mwanawe, mjukuu wangu wa miaka 14, aliyeniletea ujumbe wa simu ulioninyima usingizi. Aliandika: "Babu, sauti yangu imekufa. Nataka kuacha kuimba."

Kwa wengine neno hilo ni dogo. Kwangu mimi halikuwa dogo, na sababu yake nitaieleza mbele.

Kijana huyu tangu utotoni alijaaliwa sauti. Alipokuwa Mombasa kwa bibi yake, yeye ndiye aliyeanzisha kasida chuoni, na alipohamia Longisa na mama yake akaingia katika kundi la shule liimbalo nyimbo za kienyeji katika mashindano ya muziki. Hakuwa amejua Kikipsigis, akajifunza maneno kwa kuyaimba. Wakampanga safu ya mbele, sauti ya kwanza, pamoja na wasichana. Basi mwaka huu sauti ikaanza kumgeuka. Aliponipokea kituoni alisema, "Shikamoo babu," na katika maneno mawili hayo nikasikia watu wawili: la kwanza lilitoka jembamba kama la kifaranga, la pili likaanguka likawa nene kama la baba yake. Akainamisha kichwa kwa haya.

Mwanzilishi na wenzake

Siku ya pili nilifuatana naye kwenye mazoezi. Mwalimu wa kundi ni mtu mzima, mwenyeji wa huko huko, mwenye mvi na subira. Alinipa kiti karibu na dirisha, akasema, "Mzee, keti usikilize, halafu utatuambia watu wa pwani wanaonaje."

Nyimbo hizo, kama kasida zetu, zina mmoja wa kuanza na wengi wa kuitikia. Hakuna chombo cha kuwapa sauti ya kushika, kwa hiyo pale anapoanza yule mmoja ndipo wote watakaposimama. Siku hiyo alianza msichana mwenye sauti kali na safi, akaanza juu. Wenzake wa safu ya mbele wakamfuata bila taabu. Walakini ulipofika ule mkono wa wimbo unaopanda, wavulana wa nyuma mmoja mmoja wakanyamaza, wengine wakapiga kelele badala ya kuimba, na mjukuu wangu nikamwona mishipa ya shingo imemtoka kama kamba za mashua.

Mwalimu akainua mkono, pakawa kimya. Akamgeukia yule msichana, akamwambia kwa upole, "Umeanza vizuri kwa koo lako. Lakini wenzako umewaacha barabarani. Mwenye kuanza haanzi kwa koo lake peke yake, anaanza kwa makoo ya wote." Akamwamuru aanze tena, chini kidogo. Wimbo ule ule, maneno yale yale, na safari hii hapana aliyebaki nyuma ila mjukuu wangu.

Nikajiambia moyoni: maneno haya lau ningaliyasikia miaka arobaini iliyopita!

Kupimwa kwa sauti

Mazoezi yalipokwisha mwalimu alimwita kijana mbele ya kinanda kidogo cha betri. Hakumwambia "paza," hakumwambia "jitahidi." Alimwambia, "Sema jina lako kama unavyosema kila siku." Kijana akasema. Mwalimu akaitafuta sauti ile kwenye kinanda, akaipata, akamwambia aiimbe kwa "aa," kisha ashuke ngazi moja moja. Alishuka mpaka ikabaki pumzi tupu. Kisha wakarudi pale pa kuanzia, wakapanda moja moja. Mara mishipa ilipoanza kumtoka shingoni, mwalimu akafunga: "Basi. Hapo ndipo dari yako."

Akanieleza hesabu yake, nami nawaletea wasomaji kwa kuwa ni hesabu ambayo mwalimu yeyote wa chuo anaweza kuifanya bila gharama. Kutoka ngazi ya chini kabisa mpaka ya juu kabisa ndio upana wa sauti ya mtu. Lakini upana si makazi. Nyumba ina paa na ina msingi, ila mtu halali juu ya paa wala ndani ya msingi. Ondoa ngazi mbili za juu, ondoa mbili za chini, kilichobaki katikati ndiyo maskani ya sauti, mahali inapoweza kukaa wimbo mzima bila kuchoka. Mjukuu wangu siku hiyo alibakiwa na ngazi saba tu, na zote zilikuwa chini ya mahali alipokuwa akilazimishwa kuimba.

"Hajafa mtu hapa," mwalimu akasema. "Amehama nyumba tu."

Udi ulio kooni

Ili tufahamiane, tutazame sauti inavyotoka. Pumzi hupanda kutoka mapafuni, ikafika kwenye kikoromeo, na humo zimo nyuzi mbili fupi za nyama laini. Zikikaribiana, pumzi huzitikisa, zikawa zinafunguka na kufungika kwa haraka ambayo jicho haliwezi kuifuata. Ile sauti ambayo mafundi wa dunia nzima huitumia kulinganishia vyombo vyao ni mitikisiko 440 kwa sekunde moja, na mwanamke aimbapo sauti hiyo, nyuzi zake hugongana mara 440 kwa kila sekunde. Nyuzi za mwanamume mzima zina urefu wa kadiri ya milimita 17 mpaka 25, na za mwanamke kadiri ya milimita 12 mpaka 17. Aliyewahi kushika udi hahitaji maelezo zaidi: waya mrefu na mnene hulia chini, mfupi na mwembamba hulia juu.

Mvulana anapobalehe kikoromeo hukua, hata kikaonekana shingoni, na nyuzi hurefuka na kunenepa. Sauti yake huanguka, na kuanguka kwenyewe kuna kipimo: aghalabu ni ngazi nane kamili, yaani mitikisiko kupungua nusu. Sauti ya msichana nayo hushuka, ila kidogo tu, ngazi mbili au tatu, ndiyo maana hapana amchekaye.

Hapo, wasomaji wapenzi, ndipo nilipopigwa na fahamu. Sisi wa pwani tuliokulia kwa kusikiliza kanda za Sheikh Abdul Basit Abdus Samad, Mmisri aliyezaliwa 1927 na kufariki 1988, tunaijua ngazi nane hiyo kwa jina lake la Kiarabu. Msomaji huanza chini, kwa utulivu, na hapo huitwa karari. Kisha hupanda ngazi nane akasoma kwa sauti ile ile ila ya juu, na hapo huitwa jawabu. Ni sauti moja kwa masikio, kama mtu na kivuli chake, ila ya juu ina mitikisiko maradufu ya ile ya chini. Kwa hiyo nikamwita mjukuu wangu nikamwambia kwa lugha ya nyumbani, "Mwanangu, sauti yako haikufa. Ilikuwa jawabu, sasa imeshuka kuwa karari." Akanitazama, na kwa mara ya kwanza tangu nifike nikaona meno yake.

Sauti sita, na rangi zake

Katika kwaya za shule na makanisa ya bara, sauti hugawanywa nne: ya kwanza, yaani soprano, na ya pili, alto, hizi kwa kawaida ni za wanawake na watoto, ya tatu, tena, na ya nne, besi, hizi ni za wanaume. Mafundi wa kuimba peke yao huongeza mbili za katikati: mezo-soprano kati ya zile za wanawake, na baritoni kati ya zile za wanaume. Kwa makadirio ya vitabu vyao, besi huanzia kama mitikisiko 82 kwa sekunde na kupanda hadi 330. Baritoni 110 hadi 440. Tena 131 hadi 523. Sauti nzito ya mwanamke, iitwayo kontralto, huanzia karibu 175 hadi 698. Mezo-soprano 220 hadi 880. Na soprano 262 hadi 1,047. Watu wengi, wanaume kwa wanawake, ni wa zile sauti mbili za katikati. Kontralto wa kweli na besi wa kweli ni wachache.

Tena mwalimu akanionya nisiyashike makadirio hayo kama sheria. Watu wawili wanaweza kufika ngazi moja ya juu, mmoja akawa amefika kwake, mwingine amefika ugenini. Kinachomtambulisha mtu ni maskani ya sauti yake pamoja na rangi yake, kama ni ya mwanga au ya kivuli, nyepesi au nzito. Katika kundi lile alikuwamo msichana aliyesimama safu ya wavulana, akiimba sauti ya tatu. Nilimwuliza kama hachekwi. Akajibu, "Walinicheka mwanzo. Sasa nisipokuja, wimbo wao unalegea."

Nikamkumbuka Fatuma binti Baraka wa Unguja, Bi Kidude wetu, aliyefariki tarehe 17 Aprili 2013. Ile sauti yake nzito yenye mkwaruzo, ambayo mwalimu asiyejua angalimwambia aifiche, ndiyo iliyozunguka dunia. Na Umm Kulthum wa Misri, binti wa imamu, aliyeanza kwa kuimba kasida akiwa amevishwa nguo za kiume, sauti yake ilikuwa ya chini kwa mwanamke, na mpaka alipofariki 1975 Waarabu hawakumpata wa kumlinganisha naye. Upande mwingine kuna marehemu Juma Bhalo wa Mombasa, aliyefariki 2014, mwanamume aliyezipamba nyimbo zake kwa mahadhi ya Kihindi hata msikilizaji akasahau kuwa ni maneno ya Kimvita. Je, ingekuwaje Bi Kidude angalilazimishwa kuimba kama Juma Bhalo, au Juma Bhalo kama Bi Kidude? Tungaliwakosa wote wawili.

Usiku wa maulidi

Sasa nitoe deni langu. Nilikuwa na miaka 13, na katika chuo chetu Mombasa mimi ndiye niliyekuwa mwanzilishi wa kasida. Ilipokaribia Mfungo Sita sauti yangu ikaanza kupasuka. Mwalimu wetu, Mungu amrehemu, aliipenda sauti yangu pengine kuliko mimi mwenyewe, na hakukubali kuwa imekwenda. "Paza!" alikuwa akiniambia. "Ni uvivu huo." Nikanyweshwa asali na tangawizi, nikalazwa mapema, na kila alasiri nikapaza. Usiku wa maulidi ulipofika nilianza pale pale nilipozoea, juu, nikapanda jawabu, na katikati ya jina la Mtume sauti ikakatika. Watoto wakacheka, watu wazima wakavuta uradi. Nikapaza tena kwa nguvu, na hapo nikasikia kama kitu kimechanika.

Nilibaki na ukavu wa koo miezi mingi. Ilipokuja kupoa nilikuwa na sauti hii niliyo nayo leo, yenye kukwaruza, isiyofika mbali. Sikuanzisha kasida tena. Nilishika kalamu, nikawatungia wengine wenye makoo yao, na hayo mashairi ambayo baadhi yenu mmeyasikia kwenye harusi, asili yake ni usiku ule. Simlaumu mwalimu wangu. Hapana aliyekuwa amemwambia kwamba nyuzi zikilazimishwa zikiwa zimevimba zinaweza kuota vinundu, na kwamba mvulana wa umri ule hahitaji kunyamazishwa wala kupazishwa, ahitaji kushushwa tu, aimbe taratibu katika zile ngazi chache alizobakiwa nazo mpaka nyingine zije.

Wapo waliofanya makubwa zaidi kwa kuipenda sauti ya mtoto. Huko Italia, kwa karne kadhaa, wavulana walihasiwa ili kikoromeo kisikue na sauti ya juu isiondoke. Wa mwisho wao aliyeacha sauti yake kwenye santuri ni Alessandro Moreschi, aliyenaswa 1902 na 1904 na kufariki 1922. Mtu asikilizapo santuri hizo husikia huzuni zaidi ya wimbo.

Chemirocha

Tulipokaa kunywa chai, mwalimu alimwuliza mjukuu wangu, "Unalijua jina la Chemirocha?" Kijana akatikisa kichwa. Mwalimu akaeleza kisa ambacho si hadithi ya kubuni, kwani sauti yake imehifadhiwa.

Ukitoka Longisa, ukapita Bomet, ukafika Kaplong na kushika njia ya Kericho, utafika Kapkatet. Mwaka 1950 alifika hapo Hugh Tracey, Mwingereza aliyezunguka Afrika akinasa nyimbo za wenyeji, naye ndiye aliyeanzisha mwaka 1954 maktaba ya muziki wa Afrika ambayo leo iko katika Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Wasichana wa Kikipsigis walimwimbia, chombo cha nyuzi kikilia, wimbo wa kumwita mtu wa ajabu aitwaye Chemirocha aje acheze nao. Katika maelezo aliyoyaacha Tracey, walimdhania kuwa nusu mtu, nusu paa. Na Chemirocha huyo si mwingine ila Jimmie Rodgers, Mmarekani wa Mississippi aliyewahi kufanya kazi katika reli, akaanza kunasa nyimbo 1927, akafa kwa kifua kikuu 1933 akiwa na miaka 35. Santuri zake zilikuwa zimefika kwenye vilima hivi pamoja na wageni wa Kizungu. Wimbo ule wa wasichana ulirudishwa Kapkatet mwaka 2015, wazee waliokuwa hai wakasikia tena sauti za ujana wao.

"Sasa sikiliza kilichomfanya awe wa ajabu," mwalimu akasema. Mtu ana sauti ya kifua, ile nzito tunayozungumzia, na ana sauti ya kichwa, ile nyepesi ya juu. Kati yake pana mpaka, na waimbaji hufundishwa miaka mingi namna ya kuuvuka bila kusikika. Rodgers alifanya kinyume: aliruka mpaka ule mbele ya watu, kifua, kichwa, kifua tena, na ule mpasuko wenyewe akaufanya ndio utamu wa wimbo. "Ule mkatiko unaokutia haya wewe, kuna mtu alijulikana kwao, ukavuka bahari ukafika mpaka hapa, wasichana wakamtungia wimbo."

Mimi ni mtunzi, nikajiongezea langu. Huenda wale wasichana, waliposikia koo moja likitoa sauti mbili, waliona haiwezekani kuwa ni ya mtu mmoja mzima, wakampa kiwiliwili cha viumbe wawili. Kama ndivyo, basi hawakukosea kusikia.

Kasida ya chini

Usiku huo, baada ya Isha, nyumbani kwa mpwa wangu, nilimwomba kijana aanzishe kasida mojawapo aliyokuwa akiianza chuoni. Akasita. Nikamwambia, "Ianze pale unaposema jina lako." Akaanza chini, pole pole, sauti ikitetemeka kama taa ya kandili mlangoni. Mama yake akaitikia kutoka jikoni, ngazi nane juu yake, jawabu kwa karari. Na mimi nikajikuta nimeitikia. Pale alipoanzia ndipo ilipo sauti yangu iliyobaki. Ilikuwa mara ya kwanza tangu usiku wa maulidi ule kuimba mbele ya mtu.

Walimu wa vyuo na viongozi wa kasida, nawaomba yangu haya. Mvulana anayebalehe msimfukuze safuni wala msimkaripie apaze, mpimeni, mmshushe. Msichana mwenye sauti nzito msimwambie ana sauti ya kiume. Mpeni mahali pake. Mwenye kukwama sauti zaidi ya wiki tatu aonyeshwe daktari, asiongezewe tangawizi. Na kila mwenye kuanza, kabla hajafungua kinywa, awatazame walio nyuma yake. Nafunga kwa beti moja niliyoitunga njiani nikirudi, gari likishuka kuelekea Narok:

Sauti ni ya Karima, agawaye kwa kadiri,
Ya juu na ya kuzama, zote kwetu ni uzuri,
Ewe unayesimama, kuanza wimbo fikiri,
Wenzio walio nyuma, usiwaache safari.